Asubuhi Niliyoketishwa Kitini

Kama unasoma haya ukiwa kwenye benchi la hospitali, na mtu wako yuko ndani hawezi hata kukutajia jina lako, sina maneno matamu ya kukupa. Nitakueleza yaliyonipata, basi. Nayaandika kwa simu, kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, na mke wangu Nekesa anasoma nyuma yangu akirekebisha pale herufi zinapogongana. Aya moja hunimalizia asubuhi. Kwa hivyo ukiona nimekasirika mahali, ujue hasira hiyo ilipata muda wa kutosha kupoa, na haikupoa.

Naitwa Wafula. Nilikuwa fundi wa mashine za kupukuchua mahindi hapa Kitale. Msimu wa mavuno ulikuwa haunipi nafasi ya kula, kwa sababu mashine ikikwama shambani na mawingu yanakusanyika, mkulima anataka fundi afike jana. Nilikuwa mtu wa maneno pia. Kwenye harusi na matanga mimi ndiye niliyepewa kipaza sauti, na watu wakiniona nasimama walijua watacheka kabla ya kulia. Nayasema haya ili ujue ni nini kilichukuliwa.

Agosti ile tulikwenda nyumbani Sirisia kumtahirisha kijana wetu, Wanyonyi. Kwetu jambo hili si dogo. Mtoto hushinda siku nzima akicheza na kengele mikononi, huenda kwa mjomba wake, na alfajiri hupelekwa mtoni akapakwa tope, kisha hurudishwa nyumbani na umati unaoimba. Hapo uani husimama mbele ya watu wote, mbele ya kisu, asipepese jicho. Akitetemeka, atatajiwa hilo mpaka azeeke. Na baba yake lazima awe pale. Baba ndiye wa kwanza ambaye macho ya mtoto humtafuta anapoingia langoni.

Nilikuwa nimesimama karibu na lango na kikombe cha chai. Jua lilikuwa linaanza kutoka, na kwa mbali nilisikia umati ukipanda kutoka mtoni. Kikombe kikaanguka. Nilikitazama pale chini nikashangaa ni nani amekiangusha, kwa sababu mimi sikuhisi kitu. Nikataka kuinama nikiokote, mguu wa kulia ukakataa. Nekesa alikuwa anapita na karai la viazi. Alisimama, akanitazama usoni, karai likamtoka.

"Baba Wanyonyi, mdomo wako. Mdomo wako umeenda wapi?"

Nilimjibu, au nilidhani nimemjibu. Kilichotoka kilikuwa mlio tu. Akaanza kuita watu walete gari. Ndugu yangu mkubwa, Barasa, akaja mbio kutoka nyuma ya nyumba. Barasa ndiye mkubwa wetu tangu baba afariki, na siku ile yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa kila kitu, kuanzia pombe ya busaa mpaka mkeka.

"Wacha kelele, Mama Wanyonyi," alimwambia. "Mtoto ako njiani."

"Huyu mtu anakufa, shemeji. Si unamuona?"

"Hafi, bana. Ni presha tu, amesimama sana tangu jana. Akae chini. Mtoto akifika hapa apate baba yake amebebwa na gari, unafikiria atasimama? Ataanguka. Na akianguka mbele ya kisu, hilo utaliosha na nini?"

Wazee wawili waliokuwa karibu wakakubaliana naye. Mmoja alisema asubuhi kama ile hakuna mtu hutamka ugonjwa, ati ni kuita mkosi juu ya damu ya mtoto. Mwingine alisema nimelemewa na furaha, amewahi kuona. Nekesa akanishika mkono kunivuta, wanawake wakamshika yeye. Kwetu mama wa mtoto huingizwa ndani kisu kinapokaribia, na walimwingiza. Nilimsikia akilia ndani ya nyumba, na watu waliokuja kwa sherehe walidhani analia vile mama wote hulia.

Mimi waliniketisha kwenye kiti cha plastiki. Barasa alinifunika blanketi mabegani, akachukua mkono wangu uliokufa akauweka vizuri juu ya paja, akanipangusa mate kwa kitambaa chake. Aliufanya upole huo wote. Halafu akasimama nyuma ya kiti akakishika ili nisiinamie upande, na kwa mbali ningeonekana mzee wa heshima aliyekaa kumngoja mwanawe.

Wanyonyi aliingia. Nilimwona akitokea langoni, mweupe kwa tope, macho yake yakanitafuta yakanipata. Kisha akapita kwenda mahali pa kusimama, upande wangu wa kulia, na hapo akapotea. Sikujua bado kwamba upande wa kulia wa dunia ulikuwa umezimwa kwangu. Nilisikia kimya, kisha filimbi ya kutangaza kwamba kisu kimepita, kisha vigelegele. Mtoto wangu alisimama kama mti, kila mtu anasema hivyo, na mimi niliyekuwa hatua chache kutoka kwake sikumwona.

Baada ya kisu kulikuwa na zawadi. Baada ya zawadi kulikuwa na wageni kutoka kwa wajomba ambao wasingeweza kuachwa bila kulishwa. Gari lilikuwepo, pikapu ya jirani, lakini ilikuwa imetumwa Bungoma kuleta vinywaji. Ilipofika, jua lilikuwa limesimama utosini, na Nekesa alitoka ndani akasimama mbele ya hiyo pikapu akasema ikitaka kuondoka bila mimi imkanyage kwanza. Ndivyo nilivyofika hospitali.

Huko Bungoma walinipiga picha ya kichwa. Daktari alikuwa msichana mdogo, amechoka, na swali lake la kwanza lilikuwa moja tu: "Ilianza saa ngapi?" Nekesa akamwambia, jua likitoka. Daktari akaangalia saa yake, akaangalia dirisha, akaandika. Hakutugombeza. Alisema kuna sindano ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini hiyo ina saa zake, na saa zake zimepita. Sasa tutafanya tunaloweza. Ukisikia daktari akisema hivyo, jua kuna kitu kimeisha.

Sitakusimulia wodi siku kwa siku. Utageuzwa kama chapati ili mgongo usitoboke. Utavalishwa nepi, na atakayekuvalisha ni mtu uliyemwoa ukiwa na kifua mbele. Utacheka mahali pa kulia. Mimi nilicheka mchungaji alipokuja kuniombea, nikacheka mpaka machozi, na ndani yangu nilikuwa nalia kwa aibu. Daktari alisema ni ubongo umepoteza breki. Mkono wa kulia ulianza kukunjika wenyewe polepole, vidole vikajifunga, na kuvifungua ilikuwa kazi ya watu wawili.

Neno la kwanza kurudi lilikuwa "ndiyo". Lilirudi asubuhi moja muuguzi aliponiuliza kama nataka uji, na Nekesa akapiga magoti pale pale sakafuni akashukuru Mungu. Hatukujua kwamba halitaleta wenzake. Ukiniuliza nataka maji, ndiyo. Ukiniuliza kama naumwa, ndiyo. Jina lako nani? Ndiyo. Nilijua neno ninalolitaka, nililiona kabisa, nikafungua mdomo kulitoa, na lile "ndiyo" likaruka mbele. Hata kichwa kiliungana na ulimi: nikitaka kukitikisa kukataa, kiliinama. Kuandika kulikuwa kumepotea pia. Watu hudhani mtu asiyeweza kusema anaweza kuandika, wakaniletea kalamu. Nilichora mistari.

Desemba vijana walitoka kwenye makazi walikotengwa tangu kutahiriwa, wamepona, wamevikwa nguo mpya. Siku hiyo baba husimama akamwambia mwanawe maneno ya kuwa mwanamume. Nilikuwa nimeyaandaa maneno hayo tangu Wanyonyi akiwa mdogo, mengine nikiyajaribu peke yangu chini ya mashine za watu. Barasa ndiye aliyesema badala yangu. Alisema vizuri. Nilikaa kwenye kiti cha magurudumu nikimsikiliza akimpa mwanangu maneno yake, na nikamchukia ndugu yangu kwa namna ambayo sijawahi kumchukia mtu.

Tulirudi Kitale kabla ya shule kufunguliwa. Nilianza kliniki huko, mara moja kila wiki, mazoezi ya viungo na baadaye ya ulimi. Siku ya kwanza Wanyonyi ndiye aliyenisukuma. Daktari wa hapo ni mtu wa kupenda kueleza, na alipomwona kijana anasikiliza, akamgeukia yeye. Mimi mambo ya ndani ya seli siyawezi, nitakupa vile nilivyoshika. Alisema sehemu ya ubongo ikikosa damu, katikati hufa haraka, lakini pembeni kuna eneo kubwa ambalo limezimia tu. Bado lingeokolewa. Shida ni kwamba zile seli zinazokufa hazifi kimya. Zinamwaga kemikali, na kemikali hizo zinafungua milango ya seli za jirani, zinaingiza vitu visivyotakiwa, jirani naye anakufa, anamwaga zake. Nilimwelewa, kwa sababu nimeona gunia la mahindi yaliyohifadhiwa mabichi. Linaanza kuoza katikati, na joto la katikati ndilo linaloharibu ya pembeni.

"Kwa hivyo inachukua muda," Wanyonyi akasema.

"Inachukua saa. Ndiyo maana tunawaambia watu wakimbie."

"Akifika mapema?"

"Akifika mapema tunaweza kuokoa lile eneo la pembeni. Baba yako alianguka saa ngapi?"

Nekesa alikuwa amekwenda dirisha la dawa. Wanyonyi alinigeukia. Alikuwa ameniona langoni siku ile, nimekaa na blanketi, na kwa miezi yote ya kutengwa hakuna aliyemwambia kwamba kiti kile hakikuwa cha heshima. Nilimtazama akihesabu. Alihesabu kuanzia mtoni.

Tulipotoka tukakaa kwenye benchi kungoja mama yake. Kulikuwa na mwanamke na mtoto mchanga, na mzee aliyekuwa amelala kwa kukaa. Wanyonyi alikaa upande wangu wa kushoto, kwa sababu alishajua kulia simwoni.

"Baba, walikuwa wananingoja mimi?"

"Ndiyo," nikasema. Na hiyo ilikuwa kweli.

Kisha akauliza, na sauti yake, ambayo ilikuwa imeanza kuwa nzito, ikarudi ya kitoto:

"Kwa hivyo ni mimi nilikufanya hivi?"

Nilikusanya nguvu zangu zote. Sijawahi kunyanyua injini nikakaza mwili vile. Nilitaka kusema hapana. Nilitaka kusema wewe ulisimama vizuri, waliokosea ni watu wazima. Nikafungua mdomo.

"Ndiyo."

Nikasema tena, nikijaribu kulisahihisha, na kila jaribio lilikuwa lile lile. Ndiyo, ndiyo. Nikaanza kucheka, kile kicheko cha ugonjwa. Wanyonyi alinyanyuka akashika kiti changu kwa nyuma akatazama ukuta mpaka mama yake aliporudi.

Anajua kwamba wakati ule nilikuwa najibu ndiyo kwa kila kitu. Mama yake alimweleza, daktari alimweleza, yeye mwenyewe alikuwa akinichokoza kwa hilo hapo awali, akiniuliza kama yeye ni rais wa Kenya. Kujua hakukumsaidia. Lile jibu la kwanza lilikuwa kweli, na la pili lilifuata papo hapo kwa sauti ile ile.

Tangu siku hiyo akabadilika. Alikuwa mtoto wa spana, akipenda kuja kazini kwangu kushinda kwenda shule. Akaacha. Mashine zangu zikauzwa na hakutoka nje kuziona zikipakiwa. Akaanza kusoma, na alisoma kitu kimoja tu. Alichukua simu ya mama yake akatafuta kiharusi, akatafuta hizo kemikali, akajua majina yake ambayo mimi siwezi hata kuyaanza. Kila Jumamosi alikuja kukaa kando yangu na habari. Kuna dawa ya kufunga ule mlango unaofunguliwa kwenye seli. Kuna nyingine ya kutuliza moto unaobaki baadaye. Kuna watu mahali wanajaribu kuamsha seli zilizobaki zishike kazi za zile zilizokufa.

"Panya walipona, Baba. Waliwapa hiyo dawa, wakatembea tena."

Majirani wakamsifu. Wakaniambia, Baba Wanyonyi, Mungu amekupa daktari nyumbani. Niliitikia ndiyo, si nilikuwa sina lingine. Lakini mimi naijua sura ya mwanangu akipenda kitu, na ile haikuwa hiyo. Alikuwa analipa. Mtoto wa kidato cha kwanza alikuwa amejitwisha kunirudishia saa zile, na alidhani zinaweza kupatikana ndani ya chupa fulani ambayo mtu fulani anaitengeneza.

Ikaja siku alimwuliza daktari kuhusu ile dawa ya panya. Daktari alikuwa mpole. Alimwambia dawa nyingi zimeokoa panya, na zilipopewa watu hazikufanya lolote, au zilifanya kidogo sana. Na hata ikipatikana iliyo bora, itakuwa ya mtu aliyefika siku ile ile, saa zile zile. Kwa baba yako eneo lile la pembeni lilikwisha kufa zamani. Utafiti unaendelea, alisema, watakaokuja watafaidika. Wanyonyi akamshukuru kwa heshima. Tulipofika nyumbani alikwenda nyuma ya choo akakaa huko mpaka jioni. Nilimsikia. Sikuweza kwenda.

Mvua za kupanda zikaja. Kila mtu Kitale alikuwa shambani, na mimi nilikuwa barazani nikitazama matrekta yakipita nikijua kwa mlio lipi lina tatizo. Siku hizo nilitaka kufa. Naliandika wazi kwa sababu wengi mtakaosoma haya mtalitaka pia na mtadhani mmelaaniwa. Nekesa alilijua. Alianza kuficha dawa ya kunyunyizia mahindi, nami nilimwona akiificha.

Aliyenitoa hapo kidogo ni mama mmoja wa mazoezi, Wambui, wa zile familia zilizotoka upande wa Mlima Kenya zamani zikanunua mashamba huku. Hakuwa na huruma nyingi, na hilo lilinifaa. "Wafula, wacha kunililia hapa. Fungua mkono." Aliufungua kidole kimoja kimoja kwa maji ya moto. Ndiye aliyenirudisha kwenye herufi. Alinipa picha na herufi za kubandika, kwa miezi, kama mtoto wa chekechea, huku akinitania kwamba mjukuu wake amenishinda. Mahindi yalipofika kiunoni nikaweza kupanga "maji". Yalipochanua nikaweza jina la Nekesa. Mate yalipungua. Nikaanza kusimama nikishika meza. Hizi ndizo zawadi nilizopata na sizidharau, lakini usimruhusu mtu akuambie kwamba zinafidia.

Barasa alikuja wakati wa mahindi ya kuchoma. Alileta kuku. Alikaa, akazungumza habari za nyumbani, kisha akavua kofia.

"Nilifanya vile baba angefanya," alisema, akitazama kofia yake mikononi. "Mtoto alisimama, Wafula. Alisimama vizuri."

Hakuomba msamaha, na sijui kama ningempa. Nitasema hili kwa wenzangu wa Bungoma, na mwenye kukasirika akasirike. Mila yetu siikatai. Nilisimama mbele ya kisu mimi mwenyewe, najua kilinipa nini. Lakini ukiona mdomo wa mtu umepinda, mkono umelegea, maneno hayaeleweki, usimwulize mkubwa wa ukoo. Mpakie mtu kwenye gari, hata kama ni siku ya nani. Mtoto ataambiwa. Mtoto akiambiwa baba yako amekimbizwa hospitali, atasimama au hatasimama, na akianguka ataamka. Wangu alisimama, na hajaamka mpaka leo.

"Hapana" ilirudi msimu wa kiangazi, siku Nekesa alipotaka kuniongezea ugali. Tuliduwaa wote wawili. Na baada ya hapo, polepole, nikaweza kuandika sentensi yangu mwenyewe. Nilijua itakuwa ipi. Ilinichukua siku kadhaa, kwa sababu sikutaka Nekesa airekebishe. Wanyonyi alipokuja kukaa kando yangu Jumamosi, nikampa simu.

Nilikuwa nimeandika: Si wewe. Walikosea wakubwa. Mimi nilitaka kusema hapana.

Alisoma. Nadhani alisoma mara nyingi, maana alikaa nayo muda mrefu kuliko maneno yenyewe. Sasa ana ndevu chache kidevuni, na akiinama anafanana na Barasa. Nilisubiri. Nilikuwa nimeingoja saa hiyo tangu benchi lile, na nilidhani nikiweza tu kuyatoa hayo maneno, kitu kitaondoka mabegani mwake nitakiona kikiondoka.

"Asante, Baba," akasema. Akaniwekea simu mapajani kwa upole, kwenye mkono ule mzuri. "Najua. Mama alishaniambia."

Kisha akatoa simu yake mfukoni, akasogeza kiti upande wangu wa kushoto. Kulikuwa na jaribio jipya, alisema, dawa ya kuamsha mishipa hata baada ya miaka. Bado wako kwa panya, lakini wanaelekea kwa watu. Akaniuliza kama nimechoka, anisomee kesho.

Nilikuwa nimechoka. Nikamwashiria asome.